Nani Anakupandisha Daraja?

Masomo: Luka 14:7-14, Matendo ya Mitume 27

Jumapili iliyopita amina zilikuwa kubwa nilipotaja kupandishwa, zikapungua nilipoendelea. Wengine mlitoka mapema kwa sababu ya mvua. Basi ujumbe ndio huu, usome nyumbani polepole.

Vijana wetu siku hizi hawaombi baraka, wanaomba apugredi. "Pastor, niombee, huu mwaka lazima Mungu anipe apugredi." Si neno baya. Lakini neno ukiliazima sokoni linakuja na hesabu zake za soko, kwa hivyo tulijue kwanza.

Chukua zile meli kubwa za watalii zinazotia nanga Kilindini, Mombasa. Ndani ni mji mzima. Kuna vyumba visivyo na dirisha hata moja, kuna vyenye dirisha la kutazama bahari, kuna vyenye roshani, na kuna vile vya wakubwa vyenye sebule yake. Abiria amelipia kile kisicho na dirisha. Siku chache kabla ya safari anapata ujumbe: umepandishwa, utalala kwenye chumba cha roshani na huongezi hata shilingi. Anaruka, anapigia ndugu zake wote simu.

Sasa mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma, wacha niwaambie kilichotokea kule ofisini. Chumba ambacho hakijauzwa meli ikiondoka bandarini hakitauzwa tena kwa safari hiyo. Ni kama siti ya matatu iliyotoka Kitale ikiwa tupu. Ikifika Bungoma huwezi kurudi kuidai nauli. Na vyumba vya bei ya chini ndivyo vinavyogombaniwa. Kwa hivyo kampuni inamsogeza wa chini aende juu, halafu ile nafasi yake inauziwa mtu mwingine. Kampuni nyingine zinawaandikia abiria kabisa: taja pesa unayoweza kuongeza, tutaona. Huo ni mnada. Na mara nyingi anayefikiriwa kwanza ni yule aliyekwisha safiri nao mara nyingi, ambaye pesa zake wanazijua. Hakuna aliyekutazama uso. Umepandishwa kwa sababu kile kitanda chako kilikuwa na mteja.

Tena si kila aliyepandishwa amepata raha. Chumba cha juu, mbele kabisa kwenye pua ya meli, ndicho kinachorushwa zaidi bahari ikichafuka. Kinachotulia ni cha chini, katikati. Hilo nawaachia wanaotafuta vyeo.

Tuje kwa Luka 14. Yesu amealikwa chakula nyumbani kwa mkubwa mmoja wa Mafarisayo, ni siku ya Sabato, na anawaangalia wageni wanavyogombania viti vya heshima. Anawaambia waanze nyuma, ili mwenyeji mwenyewe aje amwite mtu rafiki na kumsogeza mbele. Wengi wetu tunaishia hapo, na tumeligeuza kuwa mbinu. Unakaa nyuma huku jicho moja liko kwa mhudumu: ataniona lini? Ukipita muda bila kuitwa unakohoa kidogo. Ndugu yangu, huo si unyenyekevu, hiyo ni kuomba apugredi kwa mlango wa nyuma.

Endelea kusoma mpaka mstari wa 14. Yesu anamgeukia mwenye nyumba na kumwambia kwamba akifanya karamu awaite maskini, vilema, viwete na vipofu, kwa sababu hawana cha kumlipa. Ona tofauti. Meli inampandisha anayeweza kulipa tena kesho. Huyu mwenyeji anatafuta asiyeweza kulipa kabisa.

Sasa naingia mahali ambapo amina hupungua. Kuna mama mmoja wa hapa kwetu, jina nimelificha, alituma kwa M-Pesa pesa za mbolea kwa mtu aliyemsikia redioni. Aliahidiwa kwamba akipanda mbegu hiyo, Mungu atampandisha daraja kabla ya mwezi kuisha. Mahindi yake yako shambani sasa, majani ni ya manjano, na watoto wanne wanayategemea. Wapendwa, sisi watu wa Tongaren tudanganywe na vitu vingine, si mbegu! Kenya Seed iko hapo Kitale tangu mwaka 1956. Baba zetu wamepanda H614 miaka na miaka. Ni nani kati yetu aliyewahi kununua mbegu, akamrudishia muuza mbegu aipande kwake, halafu akangoja mahindi yaote kwenye shamba lake mwenyewe? Toeni zaka, toeni sadaka, kanisa linahitaji na mahitaji yake mnayaona. Lakini pesa inayotolewa ili Mungu akusogeze mbele ya mwenzako, hiyo ni ule mnada wa melini. Usiipe jina la sadaka. Na mbolea ya watoto inunuliwe kwanza.

Mtu atasema, pastor, hayo madaraja hayana maana, meli ikizama tunazama wote. Ningependa iwe hivyo, lakini si kweli. Titanic ilipozama mwaka 1912, wa daraja la kwanza waliookoka walikuwa zaidi ya nusu. Wa daraja la tatu walikuwa kama robo hivi. Madaraja yanaua. Wazee wetu wanalijua hilo bila kusoma. Enzi za mkoloni, Mwafrika akipanda treni mahali pake palikuwa daraja la tatu. Na hii ardhi yenyewe tunayolima tuliingia kwa skimu baada ya uhuru, kabla ya hapo tulikuwa vibarua juu yake. Hatuwezi kusema nafasi anayopewa mtu ni jambo dogo.

Ndiyo maana naipenda Matendo 27. Meli ina watu 276, na Paulo yumo kama mfungwa. Anapowaonya kuhusu safari, jemadari Yulio anamsikiliza nahodha na mwenye meli; ni kawaida, mfungwa ana maoni gani? Dhoruba inapiga mpaka usiku wa kumi na nne. Ndipo mabaharia wanateremsha ile mashua ndogo, wanajifanya wanakwenda kushusha nanga, kumbe wanatoroka. Hao ndio waliokuwa na ujuzi wote. Paulo anamwambia jemadari kwamba hawa wasipobaki melini, wengine hawawezi kuokoka, na askari wanakata kamba. Baadaye askari nao wanataka kuwaua wafungwa wasije wakakimbia, na jemadari anakataa kwa sababu anataka Paulo awe salama. Mwisho wanaojua kuogelea wanatangulia, wengine wanashikilia mbao, na wote 276 wanafika nchi kavu.

Je, Paulo alipandishwa daraja? Hapana. Alifika Malta mfungwa, akaingia Roma mfungwa. Alichofanya Mungu ni kumpa uhai wa wote waliosafiri naye. Omba hiyo. Badala ya kuomba upate ile mashua ndogo, omba nyumba yako yote ifike, na jirani yako na watoto wake wafike.

Sasa mambo yetu wenyewe. Pale mbele tuna vile viti sita vyenye mito, ambavyo siku ya harambee huwekewa waheshimiwa na wenye bahasha, huku shosho anayetembea kutoka mbali anakaa kwenye benchi karibu na mlango, na masikio yake hayasikii vizuri. Tumelizungumza na pastor na wazee wa kanisa Jumanne. Haikuwa rahisi, maana paa halijaisha na kuna wageni wanaoweza kuudhika. Lakini tumekubaliana. Kuanzia Jumapili ijayo viti hivyo ni vya wazee wasiosikia vizuri na kina mama wenye watoto wachanga. Mgeni wa harambee atasalimiwa kwa heshima, atapewa maji, na atakaa palipo na nafasi. Wahudumu wa mlangoni wameshaambiwa. Na yule mama wa mahindi, wenye mbolea iliyobaki waniletee hata kama ni debe moja. Nitaipeleka Jumamosi kabla mvua haijazidi.