Jibu Lililoandikwa Jana

Karani wa ofisi za serikali Tanzania alikuwa na kiolezo kabla kompyuta haijafika mezani kwake: kumbukumbu namba juu, kisha kichwa cha barua, halafu "Tafadhali rejea somo tajwa hapo juu." Mwanzo haukumsumbua, akili aliibakiza kwa hoja yenyewe.

Leo wewe unajibu kutwa wateja wanaouliza bei ya saruji. Kwa nini uandike upya yale yale? Ukitumia Gmail kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio, washa violezo, andika jibu lako vizuri mara moja, ulihifadhi. Kesho unaliita kwa kubofya tu.

Ila mahali pa jina, tarehe na kiasi paache wazi, uweke alama inayogonga macho. Bi Asha akipokea barua pepe inayomwita Bwana Juma, bei yako nzuri haitamsaidia mtu.

Na rambirambi, jamani, usiziwekee kiolezo. Mfiwa hutambua. Hizo keti uziandike mwenyewe, hata mistari miwili. Dakika ulizookoa kwenye saruji zinatosha kabisa.