Kuunga Mkono Kuna Gharama

Mtu akitangaza leo kwamba amefungua duka, anagombea udiwani au anatafuta fedha za matibabu ya mwanawe, haipiti saa moja simu yake itakuwa imejaa ujumbe: tuko pamoja, nakuunga mkono, Mungu akutangulie. Maneno hayo ni mazuri, na aliye katika shida anayahitaji. Lakini wiki ikipita, dukani hawaonekani wengi, na mweka hazina wa mchango anabaki kuwapigia simu wale wale waliokwisha kutoa. Nimeliona hilo mara nyingi, nalo linanisikitisha, kwa sababu wazee wetu walijua kwamba anayemuunga mwenzake mkono hukubali kupungukiwa na kitu.

Nawakumbuka wanawake wa Dar es Salaam wa mwaka 1955. TANU, chama cha kupigania uhuru wa Tanganyika kilichozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kilikuwa bado kichanga. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewapiga marufuku watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa, hivyo wasomi wengi walikipenda chama wakiwa pembeni, kwa kuhofia vibarua vyao. Mgeni kutoka chama cha Labour cha Uingereza, John Hatch, alipowauliza viongozi wa TANU walikokuwa wanawake wao, ndipo Bibi Titi Mohamed alipotwishwa jukumu la kuwaleta.

Bibi Titi alikuwa na elimu ya msingi tu, lakini alijulikana mjini kwa uimbaji wake katika ngoma. Akavifuata vikundi vya ngoma vya wanawake, akazungumza na viongozi wao, nao wakawaleta wenzao. Wengi walikuwa wapishi na wauzaji wa vyakula, wapika pombe, wanawake waliojitegemea kwa biashara ndogo ndogo. Kabla ya mwaka kwisha, maelfu walikuwa na kadi za TANU.

Wanawake hao walitoa fedha ambazo zingenunua unga wa kesho. Walitoa usiku wao kwa mikutano. Wengine walihatarisha hata ndoa, wakazificha kadi zao ili waume wasizione. Na hakuna aliyewahakikishia kwamba uhuru ungekuja wakiwa hai. Safari ya kiongozi wa TANU, Mwalimu Julius Nyerere, kwenda Umoja wa Mataifa, New York, mwaka huo huo wa 1955, nayo iligharimiwa kwa michango, na miongoni mwa waliotoa alikuwamo mfanyabiashara John Rupia. Mwalimu mwenyewe aliporudi aliacha kazi ya kufundisha katika shule ya Pugu pamoja na mshahara wake. Aliyeungwa mkono na waliomuunga, wote waligharimika.

Kuna jambo la pili ambalo maisha ya Bibi Titi yananifundisha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilipowakataza viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, yeye alipinga waziwazi. Kwa mwanamke wa mjini asiye na pensheni, kodi ya chumba ndiyo iliyokuwa akiba ya uzeeni. Azimio lilikuwa na hoja nzito, na hoja ya Bibi Titi ilikuwa na uzito wake pia. Ninachokiheshimu ni kwamba miaka yote ya kukitumikia chama haikumfanya auze ulimi wake. Anayekuunga mkono kwa dhati ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kukuambia hapa unakosea, na mwenye wajibu wa kukuambia. Mgombea anayezungukwa na watu wa kuitikia tu hana waungaji mkono. Ana watu wanaosubiri chao.

Kisha yakaja majaribu. Mwaka 1969 alikamatwa, akashtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa mwaka uliofuata. Baada ya hapo aliishi kwa muda mrefu mbali na majukwaa. Leo barabara kubwa jijini Dar es Salaam ina jina lake, na anastahili. Lakini mimi huifikiria zaidi ile miaka ya katikati, wakati kumtembelea tu mtu wa namna hiyo kulihitaji moyo. Kumshangilia mtu jukwaani hakuhitaji ujasiri. Kwenda kubisha hodi kwake baada ya kuanguka kunauhitaji sana.

Sisi hatudaiwi kuikomboa nchi. Tunadaiwa mambo ya karibu. Jirani akifungua duka, tununue kwake, tulipe bei kamili, tusiwe wa kwanza kukopa. Ndugu akiuguza, asiye na fedha aende hospitali akakae zamu, mwenzake apate kulala. Rafiki akifukuzwa kazi, tusimkwepe, na mwezi wa tatu bado tumpigie simu. Kijana akileta wazo tusilolikubali, tumwambie ukweli mapema, halafu tumsaidie kulirekebisha.

Asiye na uwezo hadaiwi asichonacho, na dua ya moyo safi ni mchango kamili. Ila mwenye uwezo, kabla ya kuandika kwamba yuko pamoja na mtu, na ajiulize: nitatoa nini, na nitakuwa wapi mambo yakimharibikia? Akipata jibu, aandike. Akilikosa, na anyamaze mpaka alipate, kwa kuwa kuna mtu atakayeziamini ahadi hizo na kuingia kwenye mapambano yake akizitegemea.