Ahadi ni Deni, Hata ya Seva

Je, ni halali mtu kuahidi kesho ilhali kesho haiko mikononi mwake? Swali hili la wanadini siku hizi limo ndani ya mikataba ya teknolojia. Anayekodisha kundi la seva pale Gikondo, Kigali, hutia saini kwamba huduma itapatikana kwa asilimia 99.99 ya mwaka, yaani isizimike zaidi ya dakika 53 hivi katika siku 365. Akiongeza tisa moja zaidi, anabakiwa na dakika 5 tu na ushee. Wala hajui umeme utakatika lini au mvua ya Aprili itashuka kwa kishindo gani. Nasema ahadi hiyo si uongo wala kufuru, alimradi mwahidi ajue anadaiwa nini: maandalizi, uangalizi na ukweli. Matokeo yenyewe hayamiliki.

Hesabu inatufundisha unyenyekevu. Seva mbili, kila moja ikipatikana kwa asilimia 99, zikisaidiana hufikisha 99.99, ila kwa sharti kwamba kinachoiua moja kisiiguse ya pili. Sharti hilo ndilo husahaulika. Viwanda vya Gikondo vilijengwa kwenye ardhioevu, na baada ya miaka ya mafuriko na uchafuzi vikahamishwa, vingi vikielekezwa Masoro. Aliyeziweka seva zake zote mbili katika bonde moja, mbele ya maji ana seva moja. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika kaskazini mwa Durban, na intaneti ikayumba katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Rwanda ikiwemo, ingawa haina pwani. Njia mbili zilizochorwa kwenye ramani ziligeuka njia moja chini ya bahari.

Uangalizi nao una mtego wake, kwa kuwa ukimya si ushahidi wa uzima. Chukua mtandao wa kasi wa InfiniBand unaounganisha seva zinazopiga hesabu kwa pamoja. Humo kuna programu kiongozi inayozipa nodi, yaani seva hizo, anwani na kuzipangia njia. Ikifa bila mrithi, data huendelea kupita kwenye njia za zamani na hakuna anayelalamika. Msiba huonekana siku waya unapong'oka au nodi mpya inapowashwa, kwa maana hayupo wa kupanga upya. Kwa hiyo mpango wa kweli huweka kiongozi wa akiba, humpima hata wakati wa shwari, na humweka mwangalizi nje ya kile anachokiangalia, ili vyote viwili visizimike pamoja. Tena kila king'ora kiwe na mtu wa zamu anayewajibika kukiitikia.

Watapinga wawili. Wa kwanza atasema kuandaa akiba ni kukosa imani, na atakumbusha methali ya Wanyarwanda kwamba Imana, yaani Mungu, hushinda kwingine lakini hurudi kulala Rwanda. Methali hiyo hiyo inamjibu: mchana umeachwa mikononi mwetu. Kumtegemea Mungu hakumfutii mlinzi zamu yake, hasa pale kinachozimika ni faili la mgonjwa au pesa ya mjane iliyomo kwenye simu. Wa pili ana hoja nzito zaidi: kwa nini nchi yenye mahitaji mengi inunue mashine za kukaa bure? Kweli, si kila huduma inastahili tisa nne, yaani asilimia 99.99. Tovuti ya matangazo inaweza kulala usiku mzima bila kumdhuru mtu; hospitali haiwezi. Basi kiwango kipangwe kwa kuuliza nani ataumia na kwa muda gani, kisha kitangazwe wazi, hata kama ni asilimia 99 tu. Anayeahidi kidogo akakilinda ni mwaminifu kuliko anayetangaza tisa tano asizokuwa na mtu wa kuzikeshea.