Kurasa Nne Baada ya Kila Sala



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ndugu zangu katika imani, nasaha hii inanihusu mimi kabla yenu.

Nasoma shahada ya fasihi kwa masafa. Mchana nipo kazini, usiku ndio wangu wa vitabu. Muhula uliopita nilikuwa na riwaya sita, tamthilia za Shakespeare na tungo za Okot p'Bitek. Kila wiki nilijiambia nitaanza Jumamosi. Siku ya kukabidhi insha juu ya A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipokaribia, nilisoma muhtasari tu, nikaandika kana kwamba nimekisoma kitabu chote. Nikapata alama nzuri, nikafurahi.

Likizo ilipofika ndipo nikakisoma chenyewe. Yumo Mugo, anayesifiwa na kijiji kuwa shujaa, kumbe ndiye aliyemsaliti Kihika. Siku ya sherehe za uhuru anasimama mbele ya umati na kukiri. Nilikifunga kitabu, moyo ukinidunda. Nami nilikuwa nimesifiwa kwa nisilolifanya. Mwenyezi Mungu amewaonya watu wa namna hiyo katika Aal Imran, aya ya 188. Mara ngapi nimeisoma aya hiyo nikidhani inawahusu wengine!

Nilimweleza mwalimu wangu ukweli. Alinitaka niandike upya, na alama zikawa chini ya zile za kwanza. Lakini hizi ni zangu.

Ndugu zangu, tunalalamika kuwa vitabu ni vingi. Mbona kila Ramadhani wengi wetu tunahitimu juzuu 30, na huku tumefunga na tunafanya kazi? Msahafu wa Madina una kurasa 604, na juzuu moja ni kama kurasa 20. Ukisoma kurasa 4 baada ya kila sala ya faradhi, umemaliza juzuu kwa siku. Hakuna anayengoja usiku wa 29 ndipo aanze. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali impendezayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Hesabu hiyo sasa naitumia kwa masomo. Baada ya uradi na fungu langu la Qur'ani, nasoma kurasa 4 za riwaya. Za Adhuhuri na Alasiri, zikinipita kazini, nazilipa baada ya Isha. Riwaya ya kurasa 300 huisha kwa siku 15.

Amri ya kwanza kumshukia Mtume katika pango la Hira ilikuwa ya kusoma. Basi anayeandika kwamba amesoma ametoa ushahidi, na ushahidi ni amana. Ambaye hajakimaliza kitabu, aseme hajakimaliza.

Ewe Mola, tubarikie wakati wetu, na utujaalie tuwe wakweli hata pale asipotuona mwalimu. Amin.

Wabillahi tawfiq.