Askari Asiye na Jina



Mwezi huu wa kuwaombea marehemu kuna swali moja dogo, lakini ukilishika vizuri linasumbua: je, unaweza kumwombea mtu usiyemjua kabisa? Yaani hujui jina lake, hujui aliishije, wala hujui kama alistahili?

Ninayemfikiria yuko Canberra, Australia, ndani ya jengo la kumbukumbu ya vita. Alizikwa pale tarehe 11 Novemba 1993, ingawa alikuwa amekufa miaka sabini na zaidi kabla ya hapo, katika Vita Kuu ya Kwanza. Mabaki yake yalitolewa kwenye makaburi yaliyo karibu na mji mdogo wa Villers-Bretonneux, Ufaransa, yakarudishwa kwao. Jenezani waliweka singe na kitawi cha mgunga wa kwao, ule wenye maua ya njano. Mzee mmoja aliyepigana vita hiyohiyo akanyunyiza udongo ulioletwa kutoka Pozières, mahali ambapo Waaustralia walikufa kwa maelfu mwaka 1916. Waziri Mkuu Paul Keating akahutubia, na sehemu kubwa ya mwanzo wa hotuba ile ni orodha ya yasiyojulikana: jina, cheo, alikozaliwa, kazi yake, kama alioa, dini yake.

Kinachojulikana ni kidogo. Alikuwa Mwaustralia, na alikwenda kwa hiari. Vita ile Australia haikumlazimisha mtu kwenda kupigana ng'ambo. Serikali iliwauliza wananchi kwa kura mara mbili, 1916 na 1917, wakakataa mara zote mbili. (Askofu Daniel Mannix wa Melbourne alikuwa mstari wa mbele kupinga, na alitukanwa sana kwa hilo.) Lakini hiari ya nini? Uzalendo? Mshahara? Rafiki zake walijiandikisha naye akaona aibu kubaki? Sisi vijana tunajua jinsi mtu anavyoweza kufuata kundi halafu baadaye akaita uamuzi wake.

Taifa likiwa na kaburi kama hili linataka shujaa, na ni rahisi kumpata, maana asiyejulikana hana dhambi zinazojulikana. Anakuwa alama ya wote. Mwaka 2013 wasimamizi wa jengo lile walitaka hata kuyaondoa kaburini maneno yanayosema kwamba Mungu anamjua, ili waweke maneno ya hotuba ya Keating. Watu wakapiga kelele. Ya Mungu yakabaki, na ya Keating yakawekwa upande mwingine.

Maneno yale ya Mungu yalichaguliwa na Rudyard Kipling, kwa ajili ya makaburi yote ya askari wasiotambulika. Mwandishi huyu ndiye aliyehangaika mpaka mwanawe John akapata nafasi jeshini ingawa macho yake yalikuwa mabovu. John alipotea vitani mwaka 1915, akiwa na miaka 18. Baba alikufa bila kujua mwili uko wapi. Kwa hiyo mimi siyasomi kama pambo.

Sasa fungua Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Yuda na watu wake wanakwenda kuzika wenzao waliokufa vitani, na chini ya nguo za kila maiti wanakuta hirizi za sanamu. Aibu gani hiyo! Yuda angeweza kuficha zile hirizi, awasifu kama mashujaa. Angeweza pia kusema wamejitakia, tuondokeni. Anakusanya fedha, drakma elfu mbili, anazipeleka Yerusalemu ili sadaka itolewe kwa ajili yao. Ndiyo maana nasema heshima na sala ni vitu viwili. Ili nikusifu nahitaji kujua ulichofanya. Ili nikuombee inatosha kwamba wewe ni mtu na umekufa. Hata Sala ya Ekaristi ya Nne inawataja marehemu ambao imani yao Mungu peke yake anaijua. Huyu wa Canberra yumo humo, awe Mkatoliki au asiwe, awe alikufa akisali au akilaani.

Lakini tuwe waangalifu. "Mungu anamjua" inaweza pia kuwa kisingizio. Vita hiyohiyo ilifika kwetu Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu ya wapagazi wakafa, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao. Tume ileile ya makaburi iliyompa kila askari aliyezikwa Ufaransa jiwe lake, hata asiye na jina, iliwaacha wengi wa wapagazi hawa bila jiwe wala jina, na mwaka 2021 ikaomba radhi. Hawa majina walikuwa nayo. Mama zao waliwaita kwayo. Kuna watu waliona hayana haja ya kuandikwa, na hapo kusema Mungu anawajua hakumfuti mtu deni.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili walio toharani, kwa masharti ya kawaida: kitubio, komunyo, na sala kwa nia za Baba Mtakatifu. Ukimaliza kwa babu na bibi, tazama pembeni. Karibu kila makaburi yana kile kilima kidogo ambacho msalaba wake umeoza na hakuna anayekumbuka ni cha nani. Simama hapo pia, useme "Raha ya milele" moja.