Muhali na Mizani

Miaka michache nyuma nilikwenda ofisi moja kufuata karatasi. Nje ya mlango palikuwa na benchi, na kwenye benchi kakaa bibi mmoja, kachoka, yupo pale tangu asubuhi. Mie sikukaa. Karani ni mtoto wa mjomba wangu. Aliniona dirishani, akaniita kwa jina, na baada ya robo saa nishatoka na karatasi yangu mkononi. Nikamwamkia yule bibi, "Shikamoo," akaniitikia vizuri tu. Jioni nikasikia kaambiwa arudi kesho.

Sikutoa hata shilingi moja. Je, ile ilikuwa rushwa?

Nauliza kwa sababu hapa Wawi husikia watu wakisema kwamba nchi ndogo ni rahisi kuisafisha. Watu wachache, kila mtu anajulikana kwao. Mwizi atajificha wapi? Maneno yana mantiki, lakini hebu watazameni majirani zetu wa bahari hii hii. Katika orodha ya Transparency International ya 2024, Shelisheli ilipata alama 72 kati ya 100, juu ya nchi zote za Afrika kusini ya Sahara. Komoro ikapata 21. Zote mbili ni visiwa, zote zina watu chini ya milioni. Na ni Komoro ambako rais wa zamani, Ahmed Abdallah Sambi, alihukumiwa kifungo cha maisha Novemba 2022 katika kesi ya uuzaji wa pasipoti, kesi ambayo upande wake uliipinga tangu mwanzo. Sisi Zanzibar hatuna alama yetu wenyewe. Tumo ndani ya 41 za Tanzania.

Basi udogo peke yake si dawa. Na orodha ile hukusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Benchi la yule bibi halimo.

Udogo unaleta haya, kweli. Lakini unaleta na muhali. Mtoto wa mjomba hakunipendelea kwa uchu wa pesa. Aliniona muhali. Angeniacha nikae foleni, habari ingemfikia mama yangu kabla ya magharibi, na kwenye harusi ijayo angetazamwa kwa jicho jengine. Tangu 2012 tuna mamlaka yetu ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi, lakini siku ile ingemkamata nani, na kwa kosa gani?

Achebe aliliona hili zamani. Katika riwaya yake iliyotafsiriwa kwa jina la *Hamkani si Shwari Tena*, Obi Okonkwo anaanza kazi kwa kukataa rushwa, na anaishia mahakamani. Watu wa kwao, waliochanga ili akasome Uingereza, wanasikitika, lakini baadhi yao wanachomlaumu ni kupokea kwa mkono wake mwenyewe, badala ya kumtuma mtumishi. Kupokea kwenyewe hawakuoni kuwa ni tatizo kubwa.

Sasa fikirini kituo cha kununulia karafuu wakati wa msimu. Bei imeshatangazwa, gunia liko juu ya mizani, namba inasomwa na kila aliyesimama pale. Shemeji akiomba aongezewe kilo mbili, karani ana pa kushika: "Si hiyo hapo, soma mwenyewe." Mizani imemkatalia kwa niaba yake, na undugu umebaki salama. Nadhani nchi ndogo inayofanikiwa ni ile inayowapa makarani wake mizani nyingi za namna hiyo: foleni yenye namba, ada iliyobandikwa ukutani, jibu lenye tarehe.

Lakini siwezi kuishia kwenye mizani, maana hapo nitakuwa nimejisamehe. Muhali huonewa yule aliye mbele ya macho, na gharama yake hulipwa na aliyekaa nje. Ndugu yangu kunikatalia kungemgharimu sana. Mie kukataa kungenigharimu asubuhi moja tu. Nilikuwa na uwezo wa kumtua mzigo wake na kumpa bibi haki yake kwa maneno matatu: "Bibi yuko mbele." Niliyajua, na sikuyasema.