Nilimwagilia hadi likaoza



Mwaka jana mama alinipa ua la kuweka chumbani, lile la majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Wauza miche wanaliita ZZ, na jina lake la kitaalamu ni Zamioculcas zamiifolia. Nikalipenda kupita kiasi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nalimwagilia kikombe kizima. Baada ya miezi miwili majani yakaanza kuwa ya njano. Nikadhani lina kiu, nikaongeza maji. Siku moja nikashika shina, likang'oka mkononi kama mboga iliyochemshwa. Chini kulikuwa kumeoza, kunanuka.

Yaani sikuliua kwa kulisahau. Nililiua kwa kulihudumia.

Baadaye nikajifunza. Kumbe ua hili ni la huku huku kwetu: huota lenyewe porini kuanzia Kenya na Tanzania hadi Afrika Kusini, ingawa lilienea madukani duniani baada ya wakulima wa Uholanzi kuanza kulizalisha kwa wingi katika miaka ya 1990. Mungu ameliwekea akiba ya kiangazi: chini ya udongo lina viazi vinavyotunza maji. Udongo ukilowa muda wote, mizizi hukosa hewa na kuoza. Ndiyo maana chungu lazima kiwe na tundu chini, na humwagilii mpaka udongo ukauke kabisa. Mara nyingi hiyo ni wiki mbili, tatu, au hata zaidi.

Sasa swali lililoninyima usingizi: je, kutoa zaidi ni kupenda zaidi?

Nina mdogo wangu yuko chuoni. Alianza kubeti. Kila mkeka ukichanika ananipigia: "Dada, nimekwama." Natuma. Ada ikapotea huko huko, nikalipa mara ya pili, baba asijue. Nilijiambia, mimi ni Mkristo, anayeomba apewe. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nanunua amani yangu. Sikuweza kuvumilia kumwona akihangaika, wala kusikia akiniita dada mbaya. Nilikuwa natuliza kiu yangu mwenyewe.

Kanisa, likimfuata Mtakatifu Tomaso wa Akwino, linatufundisha kwamba kupenda ni kumtakia mwingine mema. Mema yake, siyo utulivu wangu. Mtazame baba wa mwana mpotevu katika Luka 15. Hatusomi kwamba alimtumia mwanae hela kule ugenini. Kijana alifika mpaka kwenye nguruwe. Lakini macho ya baba hayakutoka barabarani, maana alimwona akiwa bado mbali sana.

Hapo tuwe makini. Kuna mtu atasoma aseme, "Basi hata ombaomba nisimpe, atazoea." Hapana! Ua likiachwa bila maji kabisa nalo hufa. Mwenye njaa leo anahitaji chakula leo, na ubahili hata ukiitwa busara ni ubahili tu. Cha muhimu ni kugusa udongo kwanza. Ingiza kidole, sikia kama bado kuna unyevu. Kwa binadamu, kidole hicho ni kusikiliza: keti naye, muulize, vumilia jibu lake.

Nilikwenda chuoni nikashinda naye siku nzima. Nikamwambia hela ya kuziba madeni ya kubeti sina tena, ila hatalala njaa mimi nikiwepo, na kwamba kwa baba tutakwenda wote wawili kusema ukweli. Tulikwenda. Alininunia wiki tatu. Sitawadanganya kwamba ameacha kabisa. Ila siku hizi hunipigia hata asipokuwa na shida ya hela.

Na lile ua? Nilipata kiazi kimoja ambacho bado kilikuwa kigumu, nikakata palipooza, nikakipanda kwenye udongo mpya wenye mchanga. Miezi minne sikuona kitu. Juzi limetokeza chipukizi.

Wiki hii, kabla hujamtumia mtu hela au hujamnyima, mpigie kwanza mzungumze. Halafu tusali pamoja: Bwana, nifundishe kutoa, na unifundishe kungoja. Amina.